Kaka anatoka Marekani kwa Noeli: apitie Kigali, Goma ama Kinshasa kufika Bukavu?

MwanaNguba (29 Novemba 2021, 19:42)
Wandugu, habari za jioni. Kaka yangu mkubwa anatoka Marekani na familia yake, wanakuja kula Noeli na Bonane (Mwaka Mpya) na mama hapa Bukavu. Miaka sita hajakanyaga nyumbani. Tiketi bado hazijakatwa, ananingojea mimi nimwambie njia. Ziko tatu: Kigali kisha gari hadi mpaka wa Rusizi; Kigali, Goma, halafu bato (meli) ya Ziwa Kivu; ama Kinshasa kisha ndege ya ndani. Ipi iko nzuri? Keshokutwa analipa, kwa hiyo nina haraka. Natanguliza shukrani.

Yaya_Neema (29 Novemba, 20:05)
Marekani si komini ya Kadutu hapa Bukavu, ndugu. Mji gani? Wako wangapi? Watoto wa miaka mingapi? Wamechanjwa korona? Pasipoti za nchi gani? Wanafika lini na kurudi lini? Bila hayo tutakujibu upepo.

KapitaWaZiwa (29 Novemba, 20:11)
Bato. Mengine yote ni kujitesa. Unapanda Goma asubuhi, unakula samaki wa sambaza, kisiwa cha Idjwi unakiona kando yako, unashuka Bukavu nguo safi. Mtu aliyekaa miaka sita kwenye baridi umpitishe kwenye makona ya msitu wa Nyungwe, njia ya Rusizi, juu ya nini?

Lushois_wa_Kenya (29 Novemba, 20:30)
Ninyi watu wa Kivu na maziwa yenu. Mimi niko Lubumbashi, nasema Kinshasa. Unaingia nchini kwako, hakuna kuvuka barieri ya mpaka wa mtu.

(Kenya ni komini yetu ya hapa, si ile nchi ya Nairobi. Kila mara naulizwa.)

Yaya_Neema (29 Novemba, 20:34)
Lushois, Kinshasa hadi Goma ni kama kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege. Mtu atoke Marekani, ashuke mwisho wa nchi magharibi, kisha aivuke yote kuja mashariki, ati yuko kwake? Na ndege ya ndani ikiahirishwa analala wapi na watoto?

MwanaNguba (30 Novemba, 06:50)
Pole, nilisahau. Wanakaa Buffalo, jimbo la New York. Yeye, mke wake, watoto watatu: miaka 12, miaka 9 na mmoja wa miezi 8. Wazazi wawili wamechanjwa mara mbili. Kaka ana pasipoti ya Kongo, watoto wana za Marekani. Wanataka kutoka tarehe 17 Desemba na kurudi kupitia Kigali Jumapili tarehe 9 Januari.

BaruaZaBinghamton (30 Novemba, 07:58)
Buffalo! Ungeanza na hilo. Mimi ni mtoto wa Bagira hapo Bukavu, nakaa Binghamton, jimbo hilo hilo. Weka kando Kigali na Goma kwanza. Njia ngumu ya kaka yako ni kutoka nyumbani kwake hadi kwenye ndege kubwa.

Nisikilize. Mwaka jana, Desemba 2020, tulikuwa wanne: mimi, mke, wana wawili. Ndege yetu ilikuwa inatoka New York Alhamisi tarehe 17 jioni. Kipimo cha korona cha PCR kilitakiwa kisizidi masaa 72, kwa hiyo tulipimwa Jumanne asubuhi, hesabu ikakaa vizuri kabisa kwenye karatasi. Jumatano usiku theluji ikaanza. Nilipoamka Alhamisi nilifungua mlango wa nyuma, nikakuta ukuta mweupe. Karibu mita moja ilianguka usiku mmoja. Gari sikuliona, niliona kichuguu. Basi la kwenda New York halikutoka. Ndege yenyewe iliruka, sisi tukiwa jikoni na masanduku.

Shirika la ndege (silitaji) likatuhamishia Jumamosi bila kulipa. Nikamshukuru Mungu. Jumamosi tuko kwenye foleni, dada wa kaunta anatazama karatasi zetu, anahesabu kwa vidole: masaa 72 yalikwisha jana. Hakuna kupanda. Nikamwambia theluji ndiyo iliyotuchelewesha, akasema theluji haiko kwenye karatasi. Kipimo cha haraka pale uwanjani kikatugharimu dola 250 kila mtu. Zidisha kwa nne. Jibu likatoka, ndege imekwenda. Tukalala sakafuni usiku mmoja, mtoto mdogo amevaa viatu vya theluji juu ya soksi tatu. Na viatu hivyo hivyo ndivyo alivyoshuka navyo Kigali kwenye jua, maana masanduku yalifika baada ya Bonane.

Kwa hiyo: theluji peke yake unaivumilia, na ugonjwa peke yake unauvumilia. Vikikutana, kimoja kinaharibu karatasi ya kingine. Aende New York siku mbili mapema, apimiwe huko huko. Na safari yote iwe tiketi moja, asinunue kipande Buffalo na kipande kingine kwa mtu mwingine. Ukiwa na tiketi mbili na ya kwanza ikachelewa, ya pili haikujui.

KapitaWaZiwa (30 Novemba, 08:20)
Mita moja usiku mmoja? Hapo umetia chumvi.

BaruaZaBinghamton (30 Novemba, 08:41)
Hata chembe. Na Buffalo ni zaidi. Novemba 2014 vitongoji vya kusini mwa Buffalo vilipata zaidi ya mita moja na nusu kwa siku chache, na katikati ya mji walipata kidogo tu. Ni ziwa lao, Erie. Upepo wa baridi kali unapita juu ya maji ambayo bado yana joto la kiangazi, unabeba mvuke, ukifika nchi kavu unaumwaga wote kama theluji. Theluji inaanguka kwenye mstari mwembamba: mtaa huu umezikwa, mtaa ule watu wanaenda kazini.

Chukudu243 (30 Novemba, 09:02)
Kumbe nao ziwa linawasumbua. La kwetu Goma lina gesi chini na volkano pembeni, lakini haliagizi theluji.

Yaya_Neema (30 Novemba, 12:15)
Asante kwa maelezo, MwanaNguba. Sasa:
Watoto wa pasipoti ya Marekani wanahitaji viza ya Kongo, waichukue huko huko kabla ya kutoka. Watu wengi wanafikiri mtoto anaingia na ya baba.
Kadi ya manjano ya homa ya manjano kwa wote. Wa miezi 8 bado hajafikia umri wa sindano ile, lakini waje na karatasi ya daktari, barieri wasipate neno.
Kigali tangu juzi wanakulaza hotelini masaa 24 baada ya kufika, hadi jibu la kipimo litoke. Ni kwa sababu ya hii korona mpya, Omicron. Wanabadilisha kila mara, uulize tena siku ya kulipa.

Na kurudi? Hapo ndipo watu wanasahau. Kuanzia tarehe 6 Desemba Marekani inataka kipimo cha siku moja tu kabla ya kuruka, hata kwa aliyechanjwa, hata kwa raia wao. Wa chini ya miaka miwili anasamehewa. Wanaruka Jumapili, maana yake wapimwe Jumamosi ama Jumapili yenyewe. Bukavu Jumamosi mchana nani atawapa jibu? Lazima tarehe 8 wawe wamelala Kigali. Kipimo cha haraka kinakubaliwa, si lazima PCR.

MwanaNguba (30 Novemba, 13:40)
Mungu wangu. Mimi nilikuwa nafikiria bato tu.

DerevaRusizi (30 Novemba, 18:22)
Mimi nafanya Kigali hadi Rusizi kila wiki. Lami nzuri, masaa matano hadi sita, unapita Huye, unaingia msitu wa Nyungwe, unateremka hadi mpaka. Mtoto wa miezi 8 atatapika Nyungwe, hilo nasema wazi, makona hayaishi. Na Desemba mvua inashusha udongo barabarani, mara nyingine unangoja wasafishe. Lakini unashuka Rusizi ya kwanza, unavuka daraja, uko mtaa wa Nguba kwa mama. Huyu kupitia Goma anaizunguka dunia.

KapitaWaZiwa (30 Novemba, 18:40)
Kigali hadi Gisenyi, mpakani na Goma, ni masaa matatu tu, na lami pia. Kanoti ya mbio inafanya masaa matatu hivi. Hesabu ni moja!

DerevaRusizi (30 Novemba, 18:44)
Umesahau barieri ya Goma, kulala Goma, na matrakaseri (usumbufu) ya bandari. Sita yako ni siku mbili.

MamaFuraha_Goma (30 Novemba, 19:30)
Batoto badogo ku ziwa mwezi wa kumi na mbili? Mimi apana. Ziwa la asubuhi na ziwa la saa tisa mchana si ziwa moja. Asubuhi maji imelala, saa tisa upepo unatoka milimani, mvua inapiga kutoka kando. Mwezi wa ine 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, zaidi ya watu mia moja hawakuonekana, Raisi akaja mwenyewe, akaamuru kila mutu avae jile (koti ya kuokoa ku maji). Leo ukipanda, jile ziko wapi? Zimefungiwa kwa kabati juu zisichafuke.

KapitaWaZiwa (30 Novemba, 19:52)
Mama Furaha, ile ilikuwa boti ya mbao iliyojaza kupita kiasi. Usilinganishe na bato kubwa za chuma. Hizo zinatoka asubuhi, mchana uko Bukavu, huo upepo wa saa tisa utakukuta unakunywa bia ya Primus kwa mama.

MamaFuraha_Goma (30 Novemba, 20:01)
Na jile?

KapitaWaZiwa (30 Novemba, 20:03)
Jile unaiomba wakati wa kupanda. Wakisita, unashuka.

Chukudu243 (30 Novemba, 20:40)
Hakuna aliyetaja barabara ya Goma hadi Bukavu, ya Sake, Minova na Kalehe. Msimtajie kabisa. Nilipita mwezi wa kumi, tulisukuma gari nusu ya njia.

Lushois_wa_Kenya (1 Desemba, 10:10)
Na hadi Kigali wabadilishe ndege wapi, Brussels? Zamani watu wa Goma mlisifu Addis.

Yaya_Neema (1 Desemba, 10:25)
Zamani, ndiyo. Mwezi jana Ethiopia ilitangaza hali ya hatari na Wamarekani wakaambia raia wao waondoke. Mtu wa watoto watatu hafanyi majaribio hapo. Brussels, Doha, hata Nairobi kutoka New York.

SalaNaKazi (1 Desemba, 21:17)
Mimi nauliza tu: hizo chanjo zina faida gani kama bado wanapima? Kongo yenyewe ilipokea dozi milioni 1.7 mwezi wa tatu ikatoa nyingi kwa nchi nyingine.

Yaya_Neema (1 Desemba, 21:30)
Ilizitoa kama milioni 1.3 kwa sababu zilikuwa zinakaribia kuharibika na watu kama wewe hawakujitokeza. Fungua uzi wako, hapa tunatafutia mama mjukuu.

SalaNaKazi (1 Desemba, 21:33)
Watu kama mimi?

*(Majibu 14 yameondolewa na msimamizi. Turudi kwenye safari.)*

MwanaNguba (3 Desemba, 07:15)
Kaka amekata: New York, Brussels, Kigali, tiketi moja. Buffalo hadi New York atashuka kwa basi tarehe 15, masaa nane hivi, amemsikiliza wa Binghamton. Kati ya bato na Nyungwe bado hatujaamua. Mama anasema Nyungwe. Kaka anasema amekosa ziwa miaka sita. Mke wake anasema yeye hana la kusema, na hilo ndilo linaloniogopesha.

DerevaRusizi (3 Desemba, 07:20)
Namba yangu nimekutumia pembeni.

Yaya_Neema (15 Desemba, 20:48)
MwanaNguba uko? Kigali wamebadilisha. Kuanzia kesho ni siku tatu hotelini kwa pesa yako, si masaa 24 tena. Watu watano, siku tatu. Mwambie kaka mapema.

Chukudu243 (16 Desemba, 17:05)
Habari njema kidogo: leo wametangaza mwisho wa ile Ebola ya Beni. Watu 11 waliugua tangu mwezi wa kumi, tisa walikufa. Kule barieri labda watapunguza kutupima joto mara tatu.

MwanaNguba (17 Desemba, 05:30)
Sijui nianzie wapi. Walishuka New York vizuri, hakuna theluji, basi lilifika kabla ya saa. Wakapimwa. Mtoto wa miaka 9 ametoka chanya. Hana kikohozi, anacheza. Wote hawarukii. Wamekodi chumba huko New York. Tiketi imesogezwa hadi tarehe 27.

BaruaZaBinghamton (17 Desemba, 06:10)
Pole sana ndugu. Angalau wako mjini tayari. Wangekuwa Buffalo wangeanza upya.

MamaFuraha_Goma (17 Desemba, 06:40)
Pole kwa mama zaidi. Mbuzi alikuwa amenunuliwa?

MwanaNguba (17 Desemba, 06:44)
Tangu Jumapili. Amefungwa nyuma ya jikoni, amekula mboga za lenga-lenga zote za jirani.

BaruaZaBinghamton (25 Desemba, 15:20)
Noeli njema kwenu. Tangu jana ndege maelfu zimefutwa, safari hii si theluji, ni marubani na wahudumu wenyewe wanaugua. Kaka yako atazame tiketi kila asubuhi.

MwanaNguba (28 Desemba, 22:03)
Wamefika Kigali! Jioni hii. Siku tatu za hoteli, kwa hiyo tarehe 31 wanatoka, jibu likiwa safi. Kama ni Nyungwe wanaingia Bukavu usiku wa Bonane, kama barieri haijafungwa. Kaka bado anasema ziwa. Swali: tarehe 1 asubuhi bato zinatembea kweli, ama wamelewa wote?

KapitaWaZiwa (28 Desemba, 22:10)
ZINATEMBEA. Mimi mwenyewe nitampokea Goma.

DerevaRusizi (28 Desemba, 22:12)
Gari liko na mafuta. Nangoja simu.

MamaFuraha_Goma (28 Desemba, 22:31)
Jile!

Chukudu243 (3 Januari 2022, 11:50)
Walipitia wapi mwishowe? MwanaNguba?

Lushois_wa_Kenya (5 Januari, 09:14)
Na mbuzi?

Riziki_Uvira (9 Februari, 16:27)
Shalom wapendwa. Nimesoma uzi wote. Mimi nina dada anakuja kwa Pasaka na watoto. Mnamshauri apitie Bujumbura ama Kigali?

Yaya_Neema (9 Februari, 16:40)
Anatoka wapi? Wako wangapi? Watoto wa miaka mingapi?