Naomba ushauri: wino wangu unavimba kama puto

Wakuu, habari za kazi. Natengeneza mruko wa wino kwenye After Effects (programu ya kutengeneza michoro inayotembea na madoido ya video): duara jeusi, nalikuza ndani ya fremu 12, kisha naweka efekti za Turbulent Displace (ya kupindapinda umbo) na Roughen Edges (ya kukwaruza kingo). Kingo zinakubali, mwendo ndio unaniangusha. Doa linavimba taratibu, wakati wino wenyewe hupasuka ghafla, ukapungua kasi, na vitone vikatawanyika na vimkia vyembamba.

Nimejaribu kuunganisha vitone kwa ukungu (blur) na Simple Choker, efekti ya kubana kingo. Vinashikana vizuri, ila vile vidogo kabisa vinamezwa. Mnavinusuru vipi? Au niache ubishi, nidondoshe wino halisi kwenye karatasi nyeupe, nirekodi fremu 120 kwa sekunde, niutumie kama mati ya luma, yaani kinyago kinachoonyesha au kuficha picha kufuata mwanga na giza?