Mtoto miezi 11 hajakaa, bibi anasema "atakaa tu". Niwaingieje?

mhudumu_mbagala:
Habari zenu wadau, mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Mbagala, kuna nyumba moja inaninyima usingizi. Mtoto ana miezi 11, shingo ndo kwanza inakaza, ukimkalisha anapinduka kama mtungi usio na kata. Kwenye kadi ya kliniki uzito uko kwenye kijani kwahiyo mama anaona mambo sawa, na bibi ambaye ndo msemaji wa nyumba anasema hata baba yake alichelewa. Juzi nimekuta wamechimba shimo uani wanamsimamisha mle, mchanga mpaka kiunoni. Nikitaja hospitali wananuna, wanaona namtabiria mtoto ulemavu. Nyie mnawaanzaje watu kama hawa?

mama_wawili:
Dada mi nilikuwa huyo mama. Wangu alichelewa kulia alipozaliwa, akawekewa oksijeni, tukaruhusiwa, hakuna aliyeniambia nirudi aangaliwe makuzi. Nikasubiri mpaka miaka 3!! Ngumi ameikunja, gumba ndani, wakati wa kumuogesha siwezi kuifungua, kiganja kimechubuka kinatoa harufu, mi napaka poda tu. Alienifungua macho ni mama mwenzangu, mwanae ana mtindio wa ubongo kama wangu ila aliwahishwa mazoezi, nikamuona anashika kijiko mwenyewe. Nililia pale pale. Wakutanishe na mama wa hivyo.

mtu_wa_viungo:
Mi ni mfiziotherapia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Usianze na jina la ugonjwa, jina linawatisha na wala halihitajiki ili mazoezi yaanze. Waambie watoto karibu wote wanakuwa wanakaa bila kushikwa wakifika miezi 9, huyu kapitiliza, basi aangaliwe. Ubongo wa mtoto mdogo bado unajijenga ndo maana zoezi la leo lina faida kuliko la miaka 5 ijayo, viungo vikishakakamaa tunabaki kuvinyoosha. Shimo usiwagombeze, wanahangaika kwa kumpenda, sema tu mwili bado haujawa tayari kusimama. Waonyeshe kitu hapo hapo: viringisha kanga, weka chini ya kifua, mlaze kifudifudi akiwa macho, bibi akae mbele amwite. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku, mtu mzima asiondoke. Uliza pia kama alipata manjano (macho na ngozi kuwa njano) au degedege, na kama anageuka akisikia sauti. Waanzie kituo cha afya wapate rufaa, kwa Dar hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani wanahudumia watoto hawa.

baba_chanika:
Mmesahau nauli. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, na mazoezi sio siku moja. Mfuko anao baba na baba hajaambiwa kitu, mama atasema "tutaenda" mpaka mwaka uishe. Mtafute baba.

mhudumu_mbagala:
Asanteni sana jamani. Huyo baba sijawahi kumuona maana napitaga asubuhi. Jumapili jioni naenda, kanga nabeba yangu. mama_wawili nimekutumia meseji, kama utaweza tuongozane.