Mjadala: Mgonjwa akisema "nimepona" kabla hajapona, anaamini au anajidanganya?

Mleta mada:
Wapendwa, Bwana asifiwe. Na msiosali karibuni pia, mkiwa na la kuchangia.

Shangazi yangu anakaa Gongo la Mboto. Ana kisukari, anajichoma insulini. Kwenye ushirika anaosali (sitautaja) aliambiwa asiseme tena "kisukari changu", maana ukisema "changu" umekimiliki. Atamke "nimepona" asubuhi na jioni, na asimweleze mtu hali yake, kwa kuwa kuieleza ni kukiri kinyume. Nimtendee haki mchungaji: hakumwambia aache sindano. Lakini kadi ya kliniki shangazi aliitoa kwenye pochi.

Siku moja yuko kwenye daladala ya Mnazi Mmoja, amejichoma na hajala. Sukari ikashuka. Jasho, kutetemeka, maneno hayaeleweki. Walipofika TAZARA konda anasema huyu kalewa, na mama wa kiti cha nyuma ameshaanza kukemea mapepo. Aliyemwokoa ni binti mmoja mwanafunzi wa uuguzi, aliyeomba soda kwa abiria akamnywesha kidogo kidogo.

Tangu hapo najiuliza: kukiri ni kusema nini hasa? Mshtakiwa akikiri pale Kisutu, anakubali lililotokea. Mwenye dhambi akikiri, anataja alichofanya. Hata neno la Kigiriki lililo nyuma ya Warumi 10:9, homologeo, ni kusema neno lilelile, kukubaliana. Na kinachokiriwa pale ni kwamba Yesu ni Bwana. Sasa kukiri kumegeukaje kuwa kukana kipimo?

Sipingi kutamka. Kabla ya usaili mimi hujisomea Zaburi ya 27 kwa sauti, tena bafuni, mke wangu ananicheka. Ninachouliza ni kimoja: anayesema "naumwa" amepungukiwa imani?

Mtumishi wa Mbagala:
Pole kwa shangazi. Ila umechukua kosa la mahali pamoja ukalitupia fundisho zima. Mithali 18:21 inasema mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Marko 11:23 Bwana hakutuambia tuueleze mlima ulivyo mrefu, alisema tuuambie ung'oke. Someni Hesabu 13 na 14: wapelelezi 12 waliotumwa na Musa Kanaani, nchi moja, majitu yaleyale. Kumi wakarudi wakisema sisi ni kama mapanzi. Kalebu, mmoja wao, akasema twaweza. Mungu akajibu: "kama mlivyonena masikioni mwangu, ndivyo nitakavyowafanyia ninyi." Kizazi kile kikaishia jangwani kwa kauli yake mwenyewe.

Hata wazee wetu walisema maneno huumba. Mtoto anayeitwa mjinga kila siku nyumbani, mnajua anavyokuwa. Mimi nimeendesha bodaboda ya mtu, na kila nikiiwasha alfajiri nilikuwa nasema "sitakufa maskini". Leo nina mbili zangu. Mtasema ni bidii. Sawa, lakini bidii hiyo nani alikuwa anaiamsha saa kumi usiku?

Mlutheri wa Kijitonyama:
Mtumishi, Kalebu hakusema majitu hayapo. Alisema tusiwaogope. Tena alikuwa na ahadi ambayo Mungu aliitamka kwanza. Yeye aliirudia tu.

Hili la kukataa dalili kwa kinywa lina umri mdogo kuliko mnavyodhani. Liko kwenye maandishi ya Mmarekani E. W. Kenyon, aliyefariki 1948, na aliyelieneza zaidi ni Kenneth Hagin, aliyefungua chuo chake Oklahoma mwaka 1974. Na kuna jambo linanichekesha. Warumi 4:19 katika Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611 inasema Ibrahimu, aliyeahidiwa mtoto uzeeni, *hakuufikiri* mwili wake uliokwisha kufa. Nakala za kale zaidi za Kigiriki hazina hilo "haku". Biblia yetu ya Union Version ya 1952 inasema "alifikiri hali ya mwili wake". Yaani mzee aliutazama, akaona umekwisha, na bado akaamini. Ukihubiri kwa kutafsiri kutoka King James, Waswahili unawapa Ibrahimu mwingine kabisa.

Halafu msidhani sisi tusiopiga kelele hatutamki. Kila Jumapili tunasema Imani ya Mitume kwa sauti, na "akateswa, akasulubiwa, akafa, akazikwa" haturuki hata neno.

Mpita njia:
Mbona Waswahili sote tunakiri? "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Hata msibani ni nzuri kwanza, ndipo "ila tumefiwa".

Yule mama Mshunami wa 2 Wafalme 4 ni mwenzetu kabisa. Mwanawe kalala maiti ndani, anaulizwa hali njiani na Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, anajibu hawajambo. Mnaotamka mnampenda sana kwa jibu hilo. Ila endeleeni mstari unaofuata: alipomfikia Elisha alimshika miguu akamwaga uchungu wote. Gehazi akapewa salamu, Elisha akapewa ukweli.

Muuguzi:
Niko wodini, sitasema wapi. Wagonjwa wanaotamka hawanisumbui, wengine wanatulia na kula vizuri. Wanaonisumbua ni ndugu. Mgonjwa ananivuta mkono wakishatoka: "Sista, niambie kweli, hawa hawataki niulize." Mtu anajua anaondoka na hana wa kumwachia wosia, kwa sababu kutaja wosia mbele ya watoto ni kukiri mauti. Wanamjibu "mama, kataa hilo neno". Anakataa. Anakufa Jumatano, na kabla ya arobaini wanagombania nyumba.

Paulo mwenyewe aliandika bila aibu kwamba mwenzake Trofimo alimwacha Mileto, hawezi. Ni 2 Timotheo 4:20. Hakuandika "anaonekana kama hawezi".

Mtumishi wa Mbagala:
Sista, la wosia limenichoma, sitabisha. Mama yangu tulimfanyia hivyohivyo. Lakini siwezi kukaa kando ya kitanda mgonjwa anasema "nakufa" nami niitikie amina. Nitamwambia taja nyumba, taja deni, kisha tutamke uzima. Mlutheri, huo mstari nitaukagua mwenyewe.

Mleta mada:
Mtumishi, ahsante kwa la mama. Pole.

Jana nilikwenda kwa shangazi. Bado anatamka "nimepona" kila asubuhi, nimemsikia kwa masikio yangu akiwa anachoma sindano. Ila kadi imerudi kwenye pochi, pamoja na pipi nne. Nikamuuliza, je, hiyo siyo kukiri kinyume? Akanitazama kama mtoto. "Kadi ni ya konda, mwanangu. Mungu haihitaji."