Mradi wa sola kijijini: tuufanyeje ili wenyeji wausimamie wenyewe?

Mwana wa Mutomo

Salaam kwenu nyote. Ninaishi Kayole, na pamoja na wenzangu 33 tunaotoka kijiji kimoja upande wa Mutomo, Kaunti ya Kitui, tuna chama kinachokutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukiweka akiba, na sasa tumekubaliana kununua mtambo wa sola utakaosukuma maji ya kisima cha kijiji, uwashe taa za zahanati na kuendesha kituo kidogo cha kuchajia simu.

Kinachoninyima usingizi si fedha. Miaka kadhaa iliyopita wafadhili walituletea paneli na betri nane, tukachinja mbuzi, hotuba zikatolewa, na kabla ya mwaka wa tatu kwisha taa zikazimika. Desemba iliyopita niliomba nifunguliwe chumba cha betri. Mlinzi alinieleza bila kuficha kwamba kila maji yalipopungua ndani ya betri alikuwa akiongeza ya kisimani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kuwa yapo maji ya betri yanayouzwa dukani. Anayekijua kisima chetu anajua jinsi kinavyoacha ukoko mweupe ndani ya sufuria, na chumvi hiyo hiyo ndiyo huua betri.

Naomba ushauri wa waliowahi kuifanya kazi hii: tuwahamasisheje wanakijiji ili mtambo huu wauhesabu kuwa wao, wautunze na kuulipia, badala ya kutupigia simu Nairobi kila kitu kinapoharibika?

Fundi wa Luthuli

Ndugu, mlinzi huyo msimlaumu. Aliachiwa mtambo kama mtu anayeachiwa mtoto wa jirani bila kuambiwa anakula nini.

Nianze na jambo la kiufundi kwa sababu lina uhusiano wa moja kwa moja na usimamizi. Kwa pampu ya maji hamhitaji betri hata moja. Jua likiwaka pampu inajaza tangi lililoinuliwa, na usiku watu wanateka maji yaliyokwisha kupandishwa mchana. Tangi linafanya kazi ya betri na halihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Betri ziwekwe kwa ajili ya zahanati na simu tu, na mkiweza mnunue za lithiamu, ambazo haziongezwi maji na hudumu zaidi, ingawa bei yake ya mwanzo ni kubwa. Zile za asidi mkizitumia kila usiku hadi karibu ziishe, badala ya kuishia nusu, mtazizika mapema hata kama maji ni safi.

Hesabu ya kubadilisha betri ifanywe mbele ya wanakijiji siku ya kwanza, kabla ya paneli kupanda gari. Tuseme betri zitagharimu shilingi 240,000 na zitadumu miaka minne. Hizo ni shilingi 5,000 kila mwezi, na kwa nyumba 40 ni shilingi 125 kwa kila nyumba. Mtu akiona hesabu hiyo ubaoni ataelewa kwamba analipia betri ijayo, wala si jua, kwa maana hoja ya kwanza mtakayoisikia ni kwamba jua ni la Mungu.

Mama Mweka Hazina

Kaka yangu, samahani, nitakuuliza neno gumu. Umeandika "tumekubaliana kununua". Ni nani hao waliokubaliana? Ni nyinyi 34 wa Nairobi. Basi kwa wale walioko nyumbani wafadhili wamerudi tena, ila safari hii wanazungumza Kikamba.

Kabla ya kuhamia Githurai nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha umeme mdogo wa maji kule Kirinyaga. Hatukuanza kwa mtambo, tulianza kwa mfereji. Kila nyumba ilipimiwa kwa kamba kipande chake cha kuchimba, na asiyechimba alilipa kibarua wa kumchimbia. Mtu aliyetokwa na malengelenge kwa ajili ya mfereji hakubali mtoto autupie takataka. Nyinyi Wakamba mnayo mwethya, ile desturi yenu ya kusaidiana kazi kwa pamoja, na sidhani mnahitaji neno jingine la kigeni la kuhamasisha. Acheni mwethya uchimbe msingi wa tangi, ubebe mchanga na ujenge ua, na hata kama chama chenu kinaweza kulipia kila kitu, msilipe.

Kuhusu fedha, tulikuwa na daftari moja lililosomwa kwa sauti kila mwisho wa mwezi, jina baada ya jina. Mwezi wa nne tangu umeme uwake nilimkatia umeme shemeji yangu, mtu aliyemlipia dada yangu mahari, kwa deni la shilingi 300. Hakunisemesha hadi Krismasi, lakini tangu siku ile hakuna aliyekuja kwangu na hadithi za ng'ombe aliyeugua. Mjue pia kwamba mto wetu ulipungua kila Februari na umeme ukapungua nao, na ratiba ya nani apate saa ngapi tulikuwa tumekwisha kuipitisha barazani wakati maji yangali mengi. Ugomvi wa kugawana kilicho haba ni vigumu kuutatua siku uhaba wenyewe unapoingia.

Jambo la mwisho ni kwamba sisi tulikuwa wanaume saba na mimi kwenye kamati, na nilichaguliwa kwa sababu walidhani mwanamke ataandika tu. Kwenu wanaoteka maji ni akina nani? Hao wawe wengi kwenye kamati.

Karani Mstaafu

Nitasema machache kuhusu karatasi. Kikundi cha nyumbani, si chama cha Nairobi, kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 na kifungue akaunti yake. Sheria ya Nishati ya 2019 haidai leseni kwa umeme wa matumizi ya mwenyewe usiozidi megawati moja, lakini mkianza kusambaza nyaya na kuuza umeme kwa majirani, hilo ni jambo la kupelekwa kwanza kwa Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, yaani EPRA, ambayo pia ndiyo inayowapa leseni mafundi wa sola. Na shamba ambamo paneli zitasimama ni la nani? Mzee anaweza kulitoa kwa mdomo leo, na wanawe wakaja kulizungushia ua wao baada ya matanga.

Mpita Njia

Naafikiana na Mama kuhusu mwethya, lakini sikubali kwamba kujitolea kunatosha. Mfereji unachimbwa mara moja, ilhali paneli zinafutwa vumbi kila wiki kwa miaka ishirini. Mchagueni kijana mmoja na mwingine wa kumsaidia, mkubaliane na fundi kwamba vijana hao ndio watakaofunga kila skrubu naye akiwasimamia, kisha mlipeni mshahara, hata uwe mdogo.

Mshahara huo utatoka kwenye biashara, kwa sababu taa peke yake hazizai fedha. Mpeketoni, Lamu, walianza mwaka 1994 kusimamia umeme wao wenyewe, ingawa ulikuwa wa dizeli, na miongoni mwa waliofaidika sana ni maseremala na mafundi cherehani, ambao kazi zao ziliongezeka kwa umeme huo huo waliokuwa wakiulipia. Tafuteni kinyozi wenu, na mwenye friji ya kupozea maziwa, kabla hamjanunua paneli.

Mwana wa Mutomo

Nawashukuru, na hasa Mama, ingawa maneno yako yalinichoma. Jana niliyasoma kwenye mkutano wetu na kukazuka ubishi hadi saa mbili usiku. Tumeahirisha ununuzi. Watatu kati yetu watakwenda nyumbani Aprili bila paneli wala bei, na hesabu ya betri itapigwa kwenye ubao wa shule, wao wenyewe wakishika chaki. Mlinzi wa zamani tutamwomba aeleze mbele ya wote kilichozipata zile betri nane, kwa kuwa hakuna anayekijua kisa hicho vizuri kumshinda. Kile kibao cha bati tulichokwisha kuchapisha chenye majina yetu 34 kitabaki Kayole.