Mrejesho: Mama na vurugu za magharibi

Asalaam aleikum. Niliuliza habari za mama yangu mwenye dimensia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni), hapa Lamu: kila magharibi anavaa buibui na kugonga mlango akitaka arudishwe kwao Siyu, na ukimzuia anapiga.

Mliosema tuanze na kupima mwili, pengine anaumwa, Mungu awalipe. Hospitali walimpima mkojo wakakuta maambukizi. Alipotibiwa, kupiga kulipungua sana.

Siku hizi hatumbishii. Akisema, "Nipelekeni Siyu," mdogo wangu humwuliza, "Kuna nani huko, mama?" Basi ataanza habari za babake na viatu vya ngozi alivyokuwa akishona, mpaka chai ifike. Taa tunaziwasha mapema, maana hizi nyumba za mawe zina giza hata mchana, na vivuli vilikuwa vinamtisha. Alasiri anasuka ukili. Msuko umepinda, hauuziki, lakini mikono inatulia.

Kuoga bado ni vita. Tumehamishia asubuhi, maji ya vuguvugu, kanga mwilini muda wote. Akikataa kabisa, tunampangusa tu.

Vile vidonge vya kumtuliza alivyosifu jirani, daktari amesema viwe mwisho kabisa. Dawa za aina hiyo, zile za magonjwa ya akili, zinaongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye dimensia. Marekani walizitolea onyo rasmi la vifo tangu 2005.

Dada uliyependekeza kasida: asubuhi ni dawa. Jioni usijaribu, zinamchangamsha mno, anadai aletewe twari, ile ngoma ya kupigia kasida.