Ulipomsomea mtu shairi lako mara ya kwanza: tupeane uzoefu

Baba Darasa la Sita: Wakuu, salaam. Jana binti yangu kaniletea daftari, kafunika nusu ya ukurasa kwa kiganja: "Baba soma, lakini usiseme kitu." Nikasoma, nikanyamaza, nikamrudishia. Lilikuwa shairi. Sijui kama nimefanya vyema. Nyie mlipotoa la kwanza mlipokelewaje?

Mwana Tanga: Umenigusa pabaya. Arobaini ya baba, khitma imekwisha, watu wanakula pilau uani. Nilikuwa nimetunga utenzi, kaka akasema niusome. Nikaanza:

*Baba nimekukumbuka,*
*Mlango ukifunguka,*
*Kofia yako naishika,*
*Nawe hurudi nyumbani.*

Shangazi akaanza kulia, nikapata nguvu. Beti za mbele nikataja minazi aliyoipanda kwa mkono wake, kwamba leo anaiangua asiyepanda. Wallahi nilimaanisha wezi wa nazi! Baba mdogo akanyanyuka na sahani mkononi: "Unanisema mimi mbele za watu?" Kumbe yeye alishaanza kuuza nazi za lile shamba, sisi hatuna habari. Pakawa hapakaliki, wageni wanatafuta viatu. Karatasi nilinyang'anywa ikachanwa, ule ubeti wa kwanza umebaki kichwani. Tangu siku hiyo natunga, simsomei mtu.

Jirani Mwema: Pole sana dada. Kukatwa katikati kunauma kuliko kukosolewa.

Vina na Mizani: Pole kwa msiba. Ila mshororo wa tatu una mizani tisa: ko-fi-a-ya-ko-na-i-shi-ka. Utenzi ni nane. Sheikh Kaluta Amri Abedi alishatuandikia sheria hizi tangu 1954.

Guni Halali: Mtu anamlilia baba yake, wewe unahesabu vidole! Mshairi Kezilahabi alitoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 bila vina wala mizani, wanamapokeo, wale wanaoshikilia sheria za zamani, wakamjia juu, na leo anasomwa vyuoni.

Vina na Mizani: Kezilahabi aliamua kuviacha. Dada ameamua kutunga utenzi, nami nausoma kama utenzi. Asiyejali kazi yako hahesabu. Akisema "nashika" mshororo unakaa.

Guni Halali: Hakuomba kusahihishwa. Kuna siku ya kusahihisha na siku ya kusikiliza.

Mama Wawili: Samahani, nje ya mada kidogo. Shamba liliishia wapi?

Mtu wa Kata: Hata mimi nauliza. Mlikwenda Mahakama ya Mwanzo kuteua msimamizi wa mirathi? Bila msimamizi kila mtu ataangua.

Mwana Tanga: Tulikwenda. Kaka ndiye msimamizi. Baba mdogo tunasalimiana.

Mvita: Turudi kwenye shairi jamani. Mimi niko Mombasa. Langu la kwanza nilimpa mzee mmoja mwenye sauti akaliimba, nami nikakaa pembeni. Mdomo wake ulipokwama nikajua pamepungua, hakunambia neno. Kisha akarudia ubeti alioupenda. Sijapata sifa tamu kama ile.

Mjomba Kilosa: Ushauri wangu: mkeo usimsomee kwanza. Atauliza hilo "ua" ni nani.

Fundi Cherehani: Mimi mume wangu ndiye wa kwanza siku zote. Namtangulizia: "leo sikiliza tu," au "leo nitafutie makosa." Akishajua anachoombwa, hatugombani.

Mjomba Kilosa: Ndugu wa damu hapana kabisa. Msomee mtu baki, akikucheka hamkutani kwenye harusi.

Jirani Mwema: Mtu baki atakuambia "zuri" aondoke zake. Afadhali anayekujua.

Mwana Tanga: Nimesoma kwa sauti, "nashika" na "naishika". Vina na Mizani, hesabu yako ni sahihi, na nashukuru uliusoma hadi silabi ya mwisho. Ila "naishika" itabaki. Ile kofia niliishika kweli. Beti nyingine nazikumbuka vipandevipande. Nikizikusanya, nani atanisikiliza?

Vina na Mizani: Mimi. Vidole nitaviweka mfukoni mpaka uviombe.

Mvita: Nitumie na mimi, nikutafutie mahadhi.

Baba Darasa la Sita: Nimemuuliza binti kama leo naruhusiwa kusema. Kasema niseme mstari nilioupenda, mmoja tu. Naingia kuusoma tena.