Kiporo na karanga: kitafunwa gani cha saa kumi kinalipa zaidi?

mama_wanne, Tanga

Wapendwa, naomba tulinganishe. Watoto wangu wanarudi shule saa kumi jioni na begi bado liko mgongoni wanafungua kabati. Biskuti za dukani zimenichosha, pakiti inaisha chai haijachemka. Na humu ndani kila siku kiporo hakikosi: wali wa jana, chapati mbili tatu zilizokauka, na machicha ya nazi ambayo miaka yote nawamwagia kuku. Karanga ninazo, shemeji kaniletea debe zima kutoka Singida.

Nimewaza njia tatu. Kashata ya machicha na karanga. Katlesi za wali wa kiporo zenye karanga za kusaga ndani. Au zile chapati kavu nizikaange nizitie shira na karanga juu. Ninachotaka kujua: ipi inakula mkaa kidogo, ipi inakaa siku nyingi, na ipi mtoto hataigusa mara moja akaiacha sahanini. Friji ninayo, ila habari za umeme mnazijua.

bintiMvita, Mombasa

Shoga, kuku wako wamekula mali miaka yote hiyo! Anza na kashata.

Machicha yana kasoro moja tu. Mafuta mengi yamekwenda na tui, kwa hivyo kashata ya machicha matupu huwa kavu, unatafuna kama vumbi la mbao. Karanga ndiyo inarudisha yale mafuta. Mimi natia kikombe kimoja cha machicha, kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa, zikamenywa, zikapondwapondwa kinuni, na sukari kikombe kimoja. Iliki punje nne.

Machicha yakaange makavu, moto mdogo, mwiko usiondoke mkononi, mpaka yageuke rangi na jirani aulize unapika nini. Yakaange siku ileile uliyokamua tui. Kwa joto la pwani ukiyaacha hadi kesho yameshachacha, na sukari haifichi uchachu.

Sukari itie peke yake sufuriani, bila maji, iyeyuke taratibu hadi iwe rangi ya asali. Hapo usipokee simu. Tia machicha, karanga na iliki, koroga upesi, mwaga kwenye sinia ulilopaka mafuta, sawazisha kwa kisukumio, kata ingali moto. Ukichelewa utaivunja kwa mchi.

Mkaa: kidogo sana, mimi huipika kwenye makaa yaliyobaki baada ya chakula cha mchana. Kukaa: wiki mbili kwenye kopo la mfuniko wa kukaza. Ukiiacha wazi inatoa jasho siku hiyohiyo, unabandua na karatasi.

kona_ya_kahawa

Karanga za kukaanga, chumvi, kahawa chungu. Hayo mengine ni kujitafutia kazi.

mama_wanne

Mzee wangu, mtoto wa darasa la tatu nimpe kahawa chungu?

kona_ya_kahawa

Kahawa kunywa wewe. Yeye mpe kashata. Ndiyo mpangilio wa barazani tangu zamani, chungu na tamu.

Mgogo_halisi, Dodoma

Kabla hujapika chochote, hilo debe umelichambua? Mwaga karanga kwenye ungo, kaa mahali penye mwanga. Iliyonyauka, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, iliyotoboka, weka kando utupe. Na usiwape kuku, nao inawadhuru. Sumukuvu inatoka kwenye kuvu wa *Aspergillus*, na huyo anapenda karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Watu wengi hudhani kukaanga kunaimaliza. Haiishi, inavumilia moto wa jikoni. Mwaka 2016 huku Dodoma na jirani zetu Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, na mahindi yale mtu ukiyaangalia ni chakula cha kawaida tu. Tangu hapo mimi karanga chungu sijilazimishi kuimeza hata nikiwa ugenini, natema.

Zilizosalia zianike zikauke kabisa, ndipo uziweke mahali pakavu, juu ya ubao, si sakafuni. Tanga kuna unyevu kuliko Singida, debe hilo usiliache lifungwe kwenye nailoni.

Kukaanga: tia chumvi nyingi kwenye karai ipate moto kwanza, kisha karanga, geuza. Chumvi inagawa moto sawasawa, karanga haziungui upande mmoja. Ukimaliza chekecha, chumvi ileile utaitumia tena na tena. Ganda likitoka kwa kusugua vidoleni, epua, maana zinaendelea kuiva zenyewe nje ya moto.

zamu_jikoni

Napika shule ya bweni, kwa hiyo niseme la wali. Wali ndio kiporo nisichokichezea. Kuna bakteria anaitwa *Bacillus cereus*, mbegu zake zinabaki hai hata baada ya wali kuiva. Sufuria ikilala jikoni imefunikwa, ule uvuguvugu unaziamsha, zinatoa sumu, na sumu hiyo kukaanga tena hakuiondoi. Mtu anatapika asubuhi, lawama zinakwenda kwa samaki.

Kwa hiyo kama unataka katlesi za wali, uamuzi unafanya usiku uleule. Baada ya kula, tandaza wali uliobaki kwenye sinia upoe haraka, kisha friji. Umeme ukikatika usiku kucha, usiupike. Wali wa nazi ndio usiusogelee kabisa, unaharibika upesi kuliko wali mweupe.

Ukiwa salama, pishi lenyewe ni rahisi. Vikombe viwili vya wali, kiazi kimoja kikubwa cha kuchemsha ili vishikane, kitunguu, giligilani, pilipili manga, ndimu, karanga za kusaga vijiko vitatu. Ponda, finyanga, chovya kwenye yai, viringisha kwenye chenga za mkate mkavu, kaanga. Mkate wa juzi nao unapata kazi hapo. Ila mafuta yanakwenda mengi, na katlesi ya jioni ikilala haina tena ule ukavu wa nje. Ni kitu cha kula siku hiyo.

mama_wanne

Sasa umenitia woga. Wali wetu huwa unalala kwenye sufuria hadi asubuhi, tunaupasha na chai. Miaka yote.

zamu_jikoni

Wengi wanafanya hivyo, na siku nyingi hakuna kinachotokea. Ile siku moja ndiyo ninayoizungumzia.

tumbo_moto, Nairobi

Anti, mimi ni mwanafunzi, naishi kwa chumba kimoja na jiko la gesi la mtungi mdogo, kwa hivyo nasimama na chapati. Chapati iliyokauka ikatwe vipande vya pembe tatu, ikaangwe kwa mafuta kidogo hadi iwe krispi, ama hata uikaushe tu kwa kikaango bila mafuta. Shira: sukari kikombe, maji nusu kikombe, iliki, chemsha mpaka ukishika kwa vidole viwili ivute uzi. Mwaga vipande, geuza upesi, nyunyiza njugu zilizopondwa. Ni visheti vya wavivu. Hukandi unga, huviringishi, dakika ishirini umemaliza.

Mgogo_halisi

Njugu? Ukiagiza njugu huku kwetu utaletewa njugu mawe, uzichemshe mchana kutwa.

tumbo_moto

Njugu karanga basi, mkubwa. Kenya ukisema njugu kila mtu amekuelewa.

bintiMvita

Wacheni. Hivyo visheti vya chapati nimevijaribu, vitamu kweli, lakini vinakaa siku mbili. Siku ya tatu chapati inarudi kuwa ngozi. Na hapo ni kama chapati yenyewe ilikuwa ya maji tu; ile ya kusukuma yenye mafuta mengi haikauki vizuri, inalainika ndani ya shira. Halafu wale watoto watadondosha shira kila mahali. Mimi nilikuta siafu kwenye mto wa kulalia.

ziwa_na_samaki, Mwanza

Mbona ugali hamuutaji? Kiporo kikubwa cha nchi hii ni ugali.

Nitawaeleza kwa gharama yangu. Nilikata ugali wa jana vipande vinene kama vya chipsi, nikavitumbukiza kwenye mafuta ya moto. Ndani ya ugali kuna maji, yakageuka mvuke, vipande vikapasuka kama fataki. Nina alama tatu mkononi mpaka leo. Mara ya pili nikakata vyembamba kama ukucha, nikavitandaza kwenye ungo juani mpaka jioni, vikakauka kabisa, ndipo nikakaanga. Vikatoka kaukau. Chumvi, pilipili ya unga, na karanga za chumvi pembeni kwenye bakuli moja. Wageni walidhani nimenunua. Shida ni jua: msimu wa mvua hupati kitu.

zamu_jikoni

Hii ya ugali sijawahi kuifikiria, naiba.

korosho_kusini, Mtwara

Nyote mnaongelea karanga tu. Sawa, korosho ni ghali, lakini anayenunua nzima nzima kwa ajili ya kuzivunja anajitakia. Korosho inauzwa kwa madaraja. Ile W320 maana yake punje nzima takriban 320 kwa ratili moja, na namba ikiwa ndogo punje ni kubwa na bei inapanda. Chini ya hapo kuna nusu na kuna vipande, na vipande ni rahisi zaidi ilhali ladha ni ileile. Kwa kashata unataka vipande. Ulizia kwenye viwanda vya kubangua au kwa akina mama wanaobangua majumbani, hasa kuanzia Oktoba, msimu ukishafunguka.

Ila usilete nyumbani korosho ya maganda ukajifanya kuichoma uani. Ganda lina mafuta yanayobabua ngozi, na moshi wake unawasha macho na kifua. Huku waliozoea wanajua upepo unatoka wapi kabla hawajawasha moto. Mgeni hajui.

Na korosho haitaki moto mkali kama karanga. Ukiona imeshika rangi ya chai ya maziwa, umeshachelewa kidogo.

mswahili_Maskati

Nawasoma kutoka Oman. Kwetu kinachobaki si wali, ni tende. Ramadhani ikiisha kila nyumba ina boksi nusu, limekauka juu. Toa kokwa, ziloweke kidogo kwenye maji ya moto, ponda kwa mkono, changanya na vipande vya korosho au lozi, finyanga vidonge, viringisha kwenye ufuta uliokaangwa. Huwashi moto zaidi ya ule wa ufuta. Huongezi sukari hata chembe. Bibi yangu aliyezaliwa Unguja anaiita halua ya maskini, na anakula nne.

bintiMvita

Hii ndiyo yenye mkaa kidogo kuliko zote, tuwe wakweli. Tatizo ni kwamba kwetu tende haibaki!

mama_wanne

Nimerudi na ripoti, wiki imepita.

Debe nimelichambua jioni mbili na binti yangu mkubwa. Tumetoa kama bakuli moja la mbaya. Kidogo kuliko nilivyoogopa, ila zilikuwemo, na miaka iliyopita tulizila.

Kashata ndiyo imeshinda hapa kwangu. Ya kwanza niliunguza sukari, chungu kama dawa (simu, bintiMvita, ulinionya). Ya pili imetoka. Nimeipika kwenye makaa ya mwisho kweli, na ilikaa kopo siku nne, si kwa kuharibika, imeliwa. Nimepunguza sukari hadi robo tatu ya kikombe, ikamong'onyoka kidogo wakati wa kukata. Wadogo wakala ule unga kwa kijiko. Yule wa mwisho ana miaka mitatu, kwa hiyo zake nimesaga karanga kabisa, sitaki mtoto apaliwe na punje nzima.

Chapati za shira nimezifanya Jumamosi tu, nje, uani, na ndoo ya maji ya kunawa pembeni. Wamezipenda kuliko kashata, lazima niseme. Lakini sukari mara mbili kwa wiki moja ni nyingi, basi hiyo imebaki ya wikiendi.

Katlesi sijapika. Badala yake napima mchele upungufu wa nusu kikombe, na wali haubaki tena. Baba watoto ameuliza mara mbili kama kuna tatizo la fedha.

zamu_jikoni

Hilo la kupima mchele ndilo pishi bora kwenye uzi mzima.

kona_ya_kahawa

Na kahawa?

mama_wanne

Nimekunywa, mzee, na kashata kipande kimoja, mlango nimeufunga. Kuku nao wamekuja saa sita hadi kizingitini, saa yao ya machicha. Nimewatupia zile ganda nyekundu za karanga nzima zilizotoka kwenye kumenya. Wameziangalia, wakaniangalia mimi.